Mtafute Mlaji wa Mwisho: Namna ya Kuikagua Biashara Iliyopamba Moto

Mwishoni mwa mwaka 2013 Wakenya walianza kugombea mayai ya kware. Ndege huyu mdogo, ambaye vijana wa kandokando ya Ziwa Viktoria wamekuwa wakimtega tangu zamani, aliingia ghafla kwenye mabanda ya mijini. Yai lake halifikii hata robo ya yai la kuku, lakini lilisifiwa kwamba linatibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, hata Ukimwi. Bei ikapanda, na mahali pengine yai moja likafika shilingi 100 za Kenya. Kwa kuwa kisheria kware ni ndege wa porini, mfugaji alitakiwa kupata leseni ya KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, na waombaji wakawa maelfu. Watu walikopa, wakajenga vizimba, wakanunua mashine za kutotolea. Mwaka 2014 haukwenda mbali kabla yai hilohilo halijashuka chini ya shilingi 10, na hata kwa bei hiyo mnunuzi alikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Waliokuwa wamekopa wakabaki na ndege wanaokula kila siku na deni linalokua kila mwezi.

Inafaa kutazama kwa karibu jinsi biashara ile ilivyovunjika, kwa sababu karibu kila fursa inayovuma mtaani huvunjika kwa njia ileile.

Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18. Kifaranga akitimiza wiki sita au saba huanza kutaga, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 200 kwa mwaka. Sasa chukua mtu aliyenunua mayai 100 mwezi Novemba ili ayaangue. Siku ile anahesabiwa kuwa mteja. Ikifika Februari, yeye mwenyewe ana mayai ya kuuza, na anawatafuta wateja walewale waliokuwa wakitafutwa na aliyemuuzia. Sehemu kubwa ya wanunuzi wa kware walikuwa watu wa aina hii: hawakununua ili wale, walinunua ili wafuge. Ilivyokuwa, kila mteja mpya aligeuka mshindani baada ya miezi miwili na nusu. Wapya walipopungua kidogo tu, mayai yalijaa sokoni na walaji wa kweli, wale wanaokaanga na kuchemsha, wakaonekana jinsi walivyokuwa wachache.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla ya kutia fedha kwenye biashara yoyote iliyopamba moto ni kumtafuta mlaji wa mwisho. Huyu ni mtu anayenunua kitu ili akitumie kiishe: akile, akivae, akijengee, akisafirie. Hana mpango wa kumuuzia mwingine. Mtafute kwa miguu yako. Nenda kwenye hoteli tatu, maduka makubwa mawili na genge la sokoni, uulize wanachukua kiasi gani kwa wiki, kwa bei gani, na tangu lini. Uliza pia kama wangeongeza oda iwapo bei ingepungua. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha ukubwa halisi wa soko. Usimuulize anayeuza vifaranga kama soko lipo. Atakwambia lipo, na wala hatakuwa anasema uongo, maana soko lake ni wewe.

Ukirudi nyumbani, piga hesabu kwa nusu ya bei iliyopo leo. Biashara ambayo kwa nusu bei inakula mtaji inategemea msisimko uendelee, na msisimko hauna mkataba na mtu.

Kumpata mlaji, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua nini kinaweza kumfanya aache kununua, na hilo wakulima wa mbaazi wa Tanzania walilijua kwa gharama kubwa.

Mwaka 2014 na 2015 mvua zilikuwa haba nchini India, ambako mbaazi ndiyo mboga ya kila siku ya mamilioni ya watu. Bei yake huko ikapaa hadi ikawa suala la kisiasa. Wanunuzi wakavuka bahari, na mkulima wa Lindi, Mtwara au Manyara, ambaye alizoea mbaazi kuwa zao la pembeni, akajikuta anauza kilo moja kwa zaidi ya shilingi 2,000. Mashamba yakapanuliwa. Hapa hapakuwa na ulaghai wowote: mlaji alikuwepo, alikuwa na njaa, na alilipa fedha taslimu.

Tatizo ni kwamba mlaji huyo naye ni mkulima. Serikali ya India ilipandisha bei ya kuwanunulia wakulima wake, mvua zikarudi, na mavuno ya msimu wa 2016/17 yakawa makubwa mno. Ili kuwalinda watu wake, tarehe 5 Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kuingia nchini kwa mwaka. Ilikuwa ni amri moja, iliyotiwa saini siku moja. Kusini mwa Tanzania bei ikaanguka, na kuna mahali kilo ilishuka chini ya shilingi 200, kiasi ambacho hakilipi hata vibarua wa kuvuna. Mbaazi za nazi na mahamri ni kifungua kinywa kinachopendwa pwani nzima, lakini pwani nzima haingeweza kula shehena iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya meli. Wakulima wa Babati waliozoea kuchanganya mahindi na mbaazi kwenye shamba moja walibaki angalau na mahindi.

Maswali ya kujiuliza hapa ni machache na yanajibika. Zao hili linaliwa katika nchi ngapi? Anayelila analilima mwenyewe? Nani anaweza kuufunga mlango kwa saini moja? Ikiwa mnunuzi ni nchi moja tu, lima, lakini usigeuze shamba zima. Na kwa kuwa leo kila mtu ana simu, ni jambo la busara kufuatilia hali ya mvua na mavuno ya nchi inayokula zao lako kama unavyofuatilia mvua za kijijini kwako. Dalali anafuatilia, ndiyo maana huacha kupiga simu wiki kadhaa kabla mkulima hajajua kuna nini.

Zipo pia biashara ambazo mtego wake ni muda. Vanila huchukua takriban miaka mitatu tangu kupandwa hadi kuvunwa. Mwaka 2000 kimbunga kiliharibu mashamba ya Madagaska, nchi inayotoa vanila nyingi kuliko zote duniani. Kufikia 2003 kilo ya vanila iliyokaushwa ilikuwa imefika kama dola 500. Uganda ilipanda kwa wingi, Mukono na Bundibugyo watu wakilala mashambani kulinda maganda yasiibwe. Kisha viwanda vya vyakula vikahamia kwenye ladha za maabara, mashamba mapya ya nchi mbalimbali yakaanza kuzaa kwa pamoja, na kufikia 2005 bei ilikuwa chini ya dola 50. Aliyepanda kwa kuitazama bei ya 2003 alivuna katika soko la mwaka mwingine kabisa.

Zanzibar ilikuwa imepitia haya mapema zaidi. Katika karne ya 19, wakati wa utawala wa Sultani Sayyid Said, wenye mashamba walikimbilia mikarafuu kwa sababu bei ilikuwa ya kupendeza, na kazi ngumu ya kupanda na kuchuma ikabebeshwa watumwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Ile miti ya msisimko ilipozaa yote, bei iliporomoka, na wenye mashamba wengi wakaingia katika madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wamewakopesha. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba. Bei ikapanda tena, na faida ikawaangukia watu ambao hawakuwa na shamba la kujivunia siku ya neema ya kwanza. Anayetaka kupanda mti unaochukua miaka kuzaa asiulize bei ya leo. Aulize miche mingapi imepandwa katika miaka hii mitatu, na wapi. Maofisa ugani na wauza miche wanayo picha hiyo, na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Mkonge nao una la kufundisha. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 ilifika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 ikaota sekta nzima ya Tanganyika. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, bei ilipaa, na Tanga ikang'ara kwa majengo, reli na maelfu ya manamba waliotoka mbali kuja kukata majani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Baadaye kamba za plastiki zikaingia sokoni, nyepesi na za bei nafuu. Utaifishaji wa mashamba na usimamizi mbovu vilichangia, hilo halina ubishi, lakini mlaji wa mwisho, yaani mkulima wa Ulaya na Marekani anayefunga majani makavu ya mifugo, alikuwa ameshapata kamba nyingine. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kilele kile. Mwekezaji anayetazama bidhaa yoyote leo, iwe makaa ya mawe au madini ya betri, afuatilie pia maabara zinazotafuta kitu cha kuchukua nafasi yake.

Sasa kuna kundi la pili la fursa, ambalo mlaji wa mwisho hayupo kabisa. Tanzania inaikumbuka DECI, taasisi iliyoongozwa na watu wa dini, ambako mwanachama aliambiwa anapanda mbegu na baada ya miezi michache atavuna zaidi ya alichopanda. Watu waliosimama foleni walikuwa walimu, mama lishe, askari, wastaafu. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Kenya ilikuwa na wimbi lake miaka hiyohiyo, na tangu hapo mchezo umehamia kwenye simu, ukivaa jina la kutazama matangazo, kukodisha mashine za mbali au kununua sarafu za mtandaoni. Sura zinabadilika. Hesabu haijabadilika.

Hesabu yenyewe inatosha kuandikwa nyuma ya risiti. Kama kila anayeingia analipwa kwa fedha za wawili wanaomfuata, basi wa kwanza anahitaji 2, hao 2 wanahitaji 4, hao 4 wanahitaji 8. Endelea hadi mzunguko wa 20 na unahitaji watu 1,048,576. Fika mzunguko wa 26: watu 67,108,864. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Tanzania kuwa na watu 61,741,120, pamoja na watoto waliozaliwa usiku wa kuamkia siku ile. Mchezo kama huu hauhitaji mwizi ili uanguke. Hata ukiendeshwa na mtu mwaminifu kabisa, utaanguka kwa kukosa watu.

Namna ya kuutambua ni kuuliza fedha za faida zinatoka wapi, kisha kunyamaza na kusikiliza. Mwenye kiwanda atakwambia anauza nini, kwa nani, kwa shilingi ngapi. Mwenye upatu atakwambia kuhusu watu waliokwisha kulipwa. Ni kweli wamelipwa. Wa kwanza hulipwa daima, tena kwa wakati, kwa sababu ushuhuda wao ndio tangazo. Jirani yako aliyevuna mara mbili hakudanganyi, ila hajui fedha zile zilikuwa za nani. Kabla ya kutoa hata shilingi, angalia kama taasisi ina leseni: anayepokea amana za umma Tanzania awe kwenye orodha ya Benki Kuu, na anayeuza hisa au vipande vya uwekezaji awe amesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kenya kazi hizo ziko kwa Benki Kuu, SASRA kwa upande wa sacco, na CMA kwa upande wa hisa na uwekezaji. Cheti cha usajili wa kampuni peke yake hakitoshi. Kinathibitisha jina limesajiliwa. Hakimpi mtu ruhusa ya kukusanya fedha za watu.

Soko la hisa linahitaji mazungumzo ya pekee, kwa sababu huko kampuni inaweza kuwa nzuri na bado mwekezaji akaumia.

Mwaka 2008, miezi michache baada ya machafuko ya uchaguzi, serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya Safaricom. Hisa bilioni 10 ziliwekwa sokoni kwa shilingi 5 kila moja, na kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. M-Pesa ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kila Mkenya aliiona kampuni hii ikifanya kazi mkononi mwake. Foleni zilizunguka mabenki. Zaidi ya watu 800,000 waliomba, na maombi yakawa zaidi ya mara nne ya hisa zilizokuwepo. Benki ziliwakopesha wateja ili waombe hisa nyingi zaidi.

Mgao ulipotoka, kila mmoja alipata sehemu ndogo ya alichoomba. Aliyekopa ili anunue hisa nyingi alipewa chache, akasubiri kurejeshewa fedha zilizobaki huku riba ya mkopo mzima ikitembea. Tarehe 9 Juni 2008 hisa zilipoanza kuuzwa, bei ilipita shilingi 7, na walioharakisha kuuza walipata. Mwezi Machi 2009, dunia ikiwa katikati ya msukosuko wa kifedha, hisa hiyohiyo ilikuwa chini ya shilingi 3. Mwenye mkopo alilazimika kuuza kwa hasara ili alipe benki. Mwenye fedha yake mwenyewe aliweza kukaa kimya, na mwaka 2021 aliiona ikipita shilingi 40, mbali na magawio ya kila mwaka katikati. Mwaka 2023 ilishuka tena chini ya 15. Watu wawili walinunua hisa za kampuni moja kwa bei moja, mmoja akatajirika kidogo na mwingine akapoteza kiwanja. Tofauti yao ilikuwa tarehe ya kulipa deni. Usinunue hisa kwa mkopo unaoiva kabla ya kampuni kupata muda wa kukua. Na kama mkopo ndio njia pekee ya kuingia, basi fursa hiyo si yako kwa sasa.

Nguvu ya mkopo ya kuvimbisha bei haijaonekana wazi mahali popote kama Kuwait. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilichipuka soko la pembeni la hisa lililoitwa Souk al-Manakh, ndani ya jengo la maegesho ya magari. Watu walinunua hisa kwa hundi za tarehe ya mbele: unaandika leo hundi ya mwakani, kwa bei ya juu kuliko ya leo, ukiamini kwamba kabla tarehe haijafika utakuwa umeshauza kwa faida. Muuzaji naye aliichukua hundi hiyo kama fedha na kununulia nyingine. Agosti 1982 baadhi ya hundi ziliwasilishwa benki, zikakosa kulipika, na mnyororo mzima ukakatika. Zilipojumlishwa, hundi zilizokuwa mikononi mwa watu zilifika thamani ya karibu dola bilioni 94, katika nchi yenye raia wachache kuliko wakazi wa jiji moja la Afrika Mashariki. Popote unaposikia kwamba bidhaa inanunuliwa kwa ahadi, na ahadi hiyo inatumika kununua bidhaa nyingine, hesabu fedha taslimu iliyopo mezani. Ni kitu cha kuuliza hata kwenye viwanja na nyumba zinazouzwa kabla ya kujengwa: kati ya walionunua, wangapi watalala humo?

Lipo kundi la tatu, ambalo huwaumiza hasa wafanyabiashara wadogo: kampuni kubwa, yenye jina, ambayo imeanza kufa bila kutangaza. Nakumatt ilianza Nakuru kama duka la magodoro. Ilikua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 ilinunua hata maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Kwa mtu wa kawaida, kila tawi jipya lilikuwa ushahidi wa mafanikio.

Lakini duka kubwa linaendeshwa kwa utaratibu unaoficha ugonjwa. Mteja analipa taslimu leo, msambazaji aliyeleta unga na sabuni analipwa baada ya siku 60 au 90. Katikati hapo duka linakaa na fedha nyingi ambazo si zake. Mwenye duka akizitumia fedha hizo kufungua tawi jingine, tawi hilo nalo linaleta fedha za wasambazaji wengine, na yanayoonekana kwa nje ni taa mpya na troli mpya. Siku mauzo yanapopungua au ufunguzi wa matawi unaposimama, deni la miezi mitatu iliyopita linabaki bila wa kulilipa. Nakumatt ilikuwa pia imepoteza duka lake la Westgate katika shambulio la kigaidi la Septemba 2013, ikazidi kubanwa. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu na wenye majengo wakaitoa kwa kutolipa kodi ya pango. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Mwaka 2020 wadai walipiga kura ifungwe, na matawi 6 ya mwisho yakaenda kwa mshindani wake, Naivas.

Rafu ndiyo mizania ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Duka linapoanza kukwama, hutangulia kupotea bidhaa za viwanda vikubwa, kwa sababu hao wana watu wa kufuatilia madeni na husimamisha mzigo mapema. Maziwa na mkate huadimika. Nafasi zilizoachwa wazi hujazwa bidhaa moja iliyopangwa mstari mrefu, safu moja tu, nyuma hakuna kitu. Wafanyakazi wanabadilika kila mwezi. Keshia anasema mashine ya kadi ni mbovu. Msambazaji mdogo anayeziona dalili hizi aache kukubali maelezo ya kwamba malipo yamekwama kwa sababu ya mfumo, apunguze mzigo hadi kiwango ambacho akikikosa bado biashara yake itasimama. Kiwango hicho kiamuliwe mapema, wakati duka bado linalipa vizuri, maana wakati huo ndipo kichwa kinapokuwa kimetulia.

Hesabu zilizokaguliwa zisomwe, lakini zisiabudiwe. Enron ya Marekani ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za nchi ile, hisa yake ikikaribia dola 90 mwaka 2000, na tarehe 2 Desemba 2001 ikaomba hifadhi ya mufilisi. Faida iliyoandikwa vitabuni haikuwa na fedha taslimu nyuma yake. Wafanyakazi wengi walikuwa wameweka akiba zao za uzeeni katika hisa za kampuni hiyohiyo, wakapoteza mshahara na kiinua mgongo kwa pamoja. Nairobi nayo, Oktoba 2015, Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali siku ileile ambayo hatifungani yake ilitarajiwa kuanza kuuzwa kwenye soko la hisa, nyaraka zake zikiwa zimepitishwa na wote waliopaswa kuzipitisha. Katika kitabu cha hesabu, soma ukurasa wa mtiririko wa fedha kabla ya ukurasa wa faida. Kampuni inayotangaza faida miaka mitatu mfululizo huku fedha zinazotokana na uendeshaji zikiwa pungufu kila mwaka, inadai maelezo ya kina.

Na akiba ya benki igawanywe kwa kufuata kikomo cha bima. Tanzania, Bodi ya Bima ya Amana inamlipa mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifungwa, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 1.5. Kenya kikomo ni shilingi 500,000 tangu 2020. Kinachozidi hapo kinasubiri ufilisi, ambao unaweza kuchukua miaka. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki 5 kwa siku moja, zikiwemo za wananchi wa Njombe, Meru na Kagera. Si jambo la kufikirika.

Tuseme umeshaingia, na sasa unasoma haya ukiwa ndani. Kama bei bado iko juu, toa kwanza mtaji wako, uache faida tu ndiyo iendelee kucheza. Usiwaingize ndugu ili kuokoa nafasi yako. Fedha ya shangazi haitaponya biashara isiyo na mlaji, itaongeza tu idadi ya watu msiotazamana msibani. Kama ni mkulima, angalia mzigo unaoweza kuhifadhiwa ghalani kwa stakabadhi na ule unaooza, uuze ule unaooza kwa bei yoyote ile.

Kama ni msambazaji na mteja wako ameanza kuyumba, fungua jalada leo. Weka pamoja oda za maandishi, hati za kupokelea mzigo zenye saini na mhuri, ankara, na kila ujumbe ambao mteja alikiri deni. Mfilisi akitangaza tarehe ya mwisho ya kuwasilisha madai, anayechelewa huachwa. Kwa kawaida wenye dhamana, yaani mabenki, hutangulia. Mishahara na kodi huja mapema pia. Msambazaji asiye na dhamana hungoja nyuma yao, na mwenye hisa huwa wa mwisho kabisa. Kwa mikataba mipya, mwombe wakili aingize kipengele kinachosema kwamba bidhaa inabaki kuwa mali yako hadi itakapolipwa yote, na hakikisha katoni zina alama zitakazoiwezesha kutambuliwa ghalani kwa mteja. Kipengele hicho kinachukua mistari miwili, na kinapaswa kusainiwa kabla lori la kwanza halijaondoka.